Usingizi wa Kuazima

Jilala alikuwa na maksai wawili, Bado na Kesho. Majina hayo yalitokana na tabia zao. Walipokuwa wanafundishwa nira, Jilala akisema twende, mmoja alisimama kama anayejibu bado, na mwenzake kama anayejibu kesho. Lakini walipoijua kazi, waliijua kweli. Njia ya kutoka kitongojini mpaka mashine ya kukoboa mpunga ya Chitete waliijua kuliko mwenye mali. Wao waliipita macho wazi. Mwenye mali aliipita amelala.

Watu walishamzoea. Mkokoteni unakuja polepole ndani ya joto la bondeni, vumbi linapanda, na juu ya magunia ya mpunga amekaa Jilala, kidevu kifuani, kofia usoni, anakoroma. Akifika mashineni, Bado na Kesho husimama wenyewe.

"Maksai wa Jilala wamejiajiri," vijana wa mashineni walisema. "Yeye ni mzigo tu, kama magunia mengine."

Jilala alicheka nao. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mgumu kukasirika. Ila hakuwaambia jinsi alivyochoka. Alilala saa mbili usiku, akaamka saa kumi na mbili asubuhi, na bado aliamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Kinywa kikavu. Kichwa kizito. Ukimwuliza amelalaje, atasema amelala fofofo. Hapo hakudanganya, ndivyo alivyojua.

Tena kulikuwa na ndoto.

Katika ndoto hiyo Jilala anasimama kando ya maji mapana, yametulia, yanaonyesha mpaka chini. Chini kabisa, juu ya kigoda chake, amekaa baba yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Midomo ya mzee inacheza. Anasema jambo, lakini halisikiki. Jilala anashuka ili asikie. Maji ni ya uvuguvugu, mazuri. Yanafika magotini, kiunoni, kifuani, kidevuni. Hana hofu hata kidogo. Anakaribia, neno linakaribia, halafu pumzi inaisha. Anashtuka, na juu yake kuna bati la nyumba yake.

Ndoto hiyo alimsimulia mke wake, Nyanzobe, peke yake.

"Nadhani baba ananiita," alisema.

"Akikuita usiitike," Nyanzobe alijibu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, wakinywa uji, Nyanzobe aliweka kikombe chini.

"Baba Restuta, leo nisikilize bila kunicheka."

"Nakusikiliza."

"Kukoroma kwako nimeolewa nako, sina neno. Lakini siku hizi unakoroma, halafu unanyamaza. Kifua kinahangaika, pumzi haiingii. Mimi nalala pale nahesabu. Moja, mbili, tatu. Jana nilifika ishirini na saba, ndipo ukashtuka kama mtu aliyeopolewa majini."

Jilala aliguswa na hilo neno, majini. Akajikaza.

"Kukoroma ni shibe, mama. Baba yangu alikoroma mpaka mbwa wakahamia kwa jirani."

"Na baba yako alikufaje?"

Jilala aliinamia uji wake. Ukoo mzima ulijua. Mzee alilala akikoroma, asubuhi hakuamka, na hakuwa na umri wa kufa. Watu walisema amekufa vizuri, amekwenda usingizini. Nyanzobe hakuona uzuri wowote katika jambo hilo.

"Basi," alisema, "Restuta hapandi tena mkokoteni wako mpaka uende kituo cha afya. Shule ataenda kwa miguu."

Restuta alikuwa na miaka sita, yupo darasa la awali. Alikuwa amekaa kizingitini, viatu mkononi. Alimtazama baba yake, akavaa viatu, akaondoka. Shule yake ilikuwa njiani, kabla ya kufika Chitete. Kila asubuhi alipanda juu ya magunia, akaongea na maksai, akaimba nyimbo za shuleni. Ilikuwa ndiyo saa ambayo Jilala aliipenda kuliko zote. Habari za kufa hazikumuuma kama hilo la mtoto kutembea peke yake. Siku hiyohiyo alikwenda kituo cha afya.

Nesi aliyempokea aliitwa Fortunata, mtu wa Mbozi, mwembamba na mwenye maswali mengi. Alimpima presha, akaiandika, akapima tena. Ilikuwa juu. Mapigo ya moyo yalikuwa themanini na nane. Alimpima shingo kwa utepe kama fundi cherehani. Halafu akauliza.

"Unasinzia mchana?"

"Uliza kijiji kizima."

"Jioni unakunywa?"

"Lita moja ya komoni. Mbili kama kuna stori."

Nesi Fortunata hakucheka wala hakumkaripia. Alivuta kiti karibu.

"Sikiliza, baba Restuta. Ndani ya koo kuna nyama laini. Ukilala, zinalegea. Kwa watu wengine zinalegea mpaka zinaziba njia ya hewa. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo mwili unaihitaji, inapungua kwenye damu. Ubongo unaona hatari, unakushtua. Unavuta hewa, unalala, koo linaziba tena. Wewe hukumbuki chochote. Lakini ikitokea mara mia kwa usiku, utakuwa umelala kweli?"

"Nitakuwa nimelala na kuamka mara mia."

"Ndiyo hivyo. Hapo moyo unachoka na presha inapanda. Si kila anayekoroma ana tatizo hili. Lakini anayekoroma, akakatika pumzi, akasinzia mchana, lazima apimwe."

Jilala alitazama mikono yake. "Na baba yangu?"

"Baba yako sikumpima, siwezi kumsemea. Wewe uko mbele yangu."

Alifungua kabati akatoa kisanduku. Kituo kilikuwa na kifaa kimoja tu cha namna hiyo, cha kuazimisha wagonjwa. Kilifanana na saa ya mkononi. Kwenye saa kulitoka waya mfupi, na mwishoni mwa waya palikuwa na kimpira cha kuvaa kidoleni, chenye taa nyekundu kwa ndani.

"Hii taa inapita kwenye kidole," alisema. "Inasoma oksijeni iliyomo kwenye damu, na mapigo ya moyo. Haichomi, haina shoti, hakuna sindano. Unaivaa unapokwenda kulala, unaivua ukiamka. Usiku kucha inaandika. Mimi nitaisoma hapa."

"Mkono gani?"

"Usioutumia sana. Wa kushoto. Hiyo bangili yako ya shaba ihamishe mkono wa kulia, mkanda ukae sawa. Nawa mikono kwanza. Kidole kiwe na joto, kwa sababu kidole cha baridi hakisomeki vizuri. Kucha isiwe na rangi wala hina."

"Hina naipata wapi mimi?"

"Nawaambia wote. Na jambo la mwisho. Kifaa hiki hakitibu. Kinapima tu. Usije ukasema umekivaa, umepona."

Jilala alikibeba nyumbani kifuani, ndani ya shati, kama mtu aliyebeba yai.

Alipofika alikuta mgeni. Kaka yake mkubwa, Emanueli, alikuwa anatoka kwa ndugu zao wa Rukwa, na kesho yake alikuwa anaelekea Tunduma. Emanueli ndiye aliyeshika nafasi ya baba yao alipofariki. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa kutembea kilomita ishirini akafika anapiga mluzi. Nyanzobe alichinja kuku. Usiku ndugu hao wawili walikwenda kulala nyumba ya wageni, wapate kuongea.

Sasa, nyumbani kwa akina Jilala kitu kipya huanza kwa mkubwa. Mchele mpya unaonjwa na Emanueli. Blanketi jipya anajifunika kwanza Emanueli. Redio ya kwanza ilipoingia katika ukoo ule, ilikaa siku mbili kimya juu ya meza ikimsubiri Emanueli aje kuiwasha. Kwa hiyo Emanueli alipouliza, "Hicho ni nini, mdogo wangu?" Jilala alieleza, halafu akasikia aibu. Yeye avae kitu kizuri namna ile, chenye taa, na kaka yake alale mkono mtupu?

"Anza wewe, kaka," alisema. "Mimi nitavaa kesho."

Emanueli alinyoosha mkono kwa heshima zote, akavalishwa, akalala.

Asubuhi mgeni aliondoka na gari la kwanza. Ndipo Jilala alipokumbuka kwamba siku ya kurudisha kifaa ilikuwa hiyohiyo. Alikwenda kituoni akiwa na nia ya kusema ukweli. Nia hiyo alikuwa nayo mpaka mlangoni.

Nesi Fortunata aliunganisha kifaa na kompyuta. Mstari ukatokea, umenyooka kama mbuga.

"Oksijeni ni asilimia tisini na sita, tisini na saba, usiku mzima," alisema, amekunja uso. "Kawaida ni tisini na tano kwenda juu. Hapa hakuna shida yoyote. Na mapigo ni hamsini na nne. Jana ulikuwa na themanini na nane." Akamtazama. "Kilivaliwa usiku mzima?"

"Kilivaliwa usiku mzima," Jilala alisema.

Alilisema hilo akiwa anaona akilini viatu vidogo vya Restuta vikining'inia kwenye mkokoteni. Si kwamba amedanganya, alijiambia. Kilivaliwa. Nesi akamwambia arudi wiki ijayo, kwa sababu presha bado haikumpendeza.

Nyanzobe alipoambiwa kipimo ni kizuri, alikaa chini akafuta machozi kwa kanga. Jilala akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Kesho yake Restuta alipanda juu ya magunia. Jua lilikuwa bado changa. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya majaruba ya mpunga yaliyovunwa. Magurudumu yalilia polepole, kwa mdundo uleule, na Restuta aliimba kwa mdundo huohuo. Jilala alijiambia hatasinzia. Alitazama mgongo wa Kesho, jinsi unavyopanda na kushuka. Unapanda, unashuka. Wimbo ulikwenda mbali kidogo. Ukungu ukawa maji. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, mazuri, yanaonyesha mpaka chini, na chini yake amekaa mzee kwenye kigoda, midomo inacheza. Nakuja, baba, alisema Jilala. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Neno lilikuwa pale, karibu kabisa.

"Baba."

Halikuwa la mzee. Sauti ilikuwa ndogo.

"Baba. Baba."

Jilala alishtuka kwa mkoromo mkubwa. Miguu yake ilikuwa imelowa. Walikuwa ndani ya korongo linalokata njia, si pale penye kivuko, bali upande wa chini, kwenye kina, ambako maksai walikwenda kunywa. Maji yalikuwa yamepita ekseli ya mkokoteni. Gunia moja lilikuwa linaelea. Restuta alikuwa amesimama juu ya magunia yaliyobaki, ameishika kamba ya maksai kwa mikono miwili, ameivuta kwa nguvu zake zote za miaka sita. Hakuwa analia.

"Ulinyamaza," alisema. "Nikahesabu kama mama. Nilihesabu mpaka ishirini. Baada ya ishirini sijui."

Jilala aliruka majini. Akamchukua mtoto mgongoni, akawashika maksai kwenye nira, akawatoa hatua kwa hatua mpaka nchi kavu. Hakuendelea na safari. Aliugeuza mkokoteni akawaongoza maksai kurudi nyumbani, yeye kwa miguu, Restuta shingoni mwake, na njia nzima aliogopa kupepesa macho.

Alimweleza Nyanzobe yote, amesimama uani, maji yakimchuruzika. Kaka, kifaa, mstari ulionyooka, korongo. Nyanzobe hakupiga kelele. Alimvua Restuta nguo zilizolowa, akamvisha kavu, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Twende kwa nesi. Nakwenda na wewe."

Nesi Fortunata alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale mapigo niliyatilia shaka," alisema. "Na mimi nina kosa. Nilipaswa kukuuliza nani amekivaa, si kama kimevaliwa. Kifaa hiki hakijui jina la mtu, baba Restuta. Kinasoma kidole kilichomo. Kaka yako ana usingizi mzuri, Mungu ambariki. Lakini usingizi wa mtu mwingine hauwezi kukusaidia wewe."

"Naomba nikivae mwenyewe."

"Utakivaa siku tatu mfululizo. Usiku mmoja unaweza kudanganya. Na kwa sasa usiendeshe mkokoteni."

Usiku huo Nyanzobe alimvalisha kwa mkono wake. Aliosha kidole, akakisugua kikapata joto, akakaza mkanda. Taa nyekundu iling'aa gizani, ikauonyesha ukucha wa Jilala kama kaa dogo la moto. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Nyanzobe hakuhesabu. Alikiachia kifaa kihesabu.

Siku ya nne mstari ulitokea tena kwenye kompyuta ya kituo. Safari hii haukunyooka. Ulishuka, ukapanda, ukashuka, kama meno ya msumeno, kuanzia mwanzo wa usiku mpaka alfajiri.

"Hapa ni tisini na tano," nesi alionyesha kwa kalamu. "Hapa pumzi imekatika, imeshuka themanini na nane. Hapa themanini na moja. Hapa sabini na tisa. Inashuka namna hii mara ishirini na nne kwa kila saa moja."

Jilala aliyatazama yale mashimo. Alihisi anayajua. Magotini, kiunoni, kifuani. Kumbe kila aliposhuka kwenye yale maji, alikuwa anashuka kweli.

"Kwa hiyo baba hakuwa ananiita," alisema polepole.

"Ndoto zako sizijui," alisema nesi. "Ninachojua ni kwamba mwili wako ulikuwa unaomba hewa. Na hiki kifaa kimetuonyesha njia tu, hakijamaliza kazi. Nakuandikia barua. Utakwenda hospitali kubwa Mbeya, daktari akuangalie koo, moyo na usingizi wenyewe."

Walikwenda Mbeya, yeye na Nyanzobe. Daktari alimpima zaidi, akathibitisha kwamba pumzi ilikuwa inakatika usingizini kwa sababu ya koo kuziba. Alimpa dawa za presha na kumwambia azimeze kila siku, asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Alimwambia apunguze uzito. Komoni aiache, maana pombe inalegeza koo zaidi. Dawa za usingizi asiziguse. Asilale chali, alale ubavu. Akamweleza pia kwamba ipo mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa puani, na kwamba kama hatua hizi hazitatosha, wataizungumzia hiyo.

Kulala ubavu ndiko kulikokuwa kugumu. Jilala alianza ubavu, akamalizia chali. Nyanzobe alifikiri siku mbili. Kisha akachukua shati kuukuu la mumewe, akashona mfuko katikati ya mgongo, akatia magunzi mawili ya mahindi ndani yake, akaufunga mdomo.

"Vaa ulale," alisema. "Ukigeuka chali, magunzi yatakuambia."

Magunzi yalimwambia. Usiku wa kwanza yalimwambia mara sita. Mwezi ulipoisha hayakuwa na la kusema.

Na mkokoteni ukaendelea na kazi. Nyanzobe alikaa juu akashika kamba, na Jilala akatembea mbele ya maksai, kwenda na kurudi, kila siku. Vijana wa mashineni walifurahi sana. "Zamani alikuwa mzigo," walisema, "sasa amekuwa maksai wa tatu." Jilala alicheka nao kama kawaida, na mkanda wa suruali akauongezea tundu la pili, baadaye la tatu.

Mwezi wa tisa nesi Fortunata alimwazima tena kile kifaa kwa siku tatu. Emanueli alikuwepo, amekuja kusalimia. Alikitazama kwa hamu kidogo, lakini Jilala alikishika mkononi.

"Hiki hapana, kaka," alisema. "Hiki kila mtu na chake."

Emanueli aliwaza, akatikisa kichwa kukubali. "Basi nitaonja mchele," alisema.

Kushuka kwa mara ishirini na nne kulikuwa kumebaki mara sita kwa saa. Oksijeni haikwenda tena chini ya tisini. Presha ilikuwa imetulia. Daktari wa Mbeya alisema aendelee vilevile, asirudie komoni, na apimwe tena kila mwaka. Mkokoteni alimruhusu.

Usiku wa kuamkia siku ya kupanda tena mkokoteni, Jilala aliota yale maji. Yalikuwa palepale, mapana, yametulia. Lakini baba yake hakuwa chini. Alikuwa amekaa ukingoni, kigoda juu ya majani, miguu mikavu. Jilala alikaa kando yake. Walivuta hewa pamoja. Midomo ya mzee ilicheza, na safari hii neno lilisikika, kwa Kisukuma cha nyumbani.

"Ng'ombe wameshakunywa?" mzee aliuliza.

"Wameshakunywa, baba," Jilala alijibu.

Ikawa ni hilo tu.

Aliamka kichwa chepesi. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Pembeni yake Nyanzobe alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, usingizi mzito wa mtu anayelipwa deni la miezi mingi. Jilala hakumwamsha. Alikoroga uji mwenyewe, akampa Restuta, akafunga nira.

Restuta alipanda juu ya magunia. Aliitazama njia, akamtazama baba yake.

"Sasa najua kuhesabu mpaka mia," alisema.

"Hesabu ndege basi."

Alihesabu ndege. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majaruba. Mgongo wa Kesho ulipanda, ukashuka. Kutoka juu pale Jilala aliona mbali, miti ambayo hata alipotembea kwa miguu hakuwa ameiona. Aliona nyumba ya bati jipya, na kisima, na mama aliyempungia mkono kama mtu anayemjua siku nyingi. Wakavuka korongo penye kivuko. Mbele kidogo, kwenye kona yenye majani mabichi, Bado na Kesho walisimama wenyewe, wakainamisha vichwa, wakaanza kula.

Jilala alishangaa. Kisha akaelewa. Hapa ndipo waliposimama kila siku, miaka yote ile, wakati yeye amelala juu ya magunia; miezi hii alipowatangulia kwa miguu hawakupata nafasi.

"Kumbe," aliwaambia. "Mlikuwa mnanifanyia hivi kila asubuhi?"

Maksai hawakuinua vichwa. Restuta alicheka mpaka akasahau alipofika kuhesabu. Jilala aliilegeza kamba, akawaacha wale.